Nimehamia Dodoma wiki ya tatu sasa. Mji siujui na wenyewe haunijui. Nianzie wapi?

#1 Mama Pacha wa Mbagala

Assalam aleikum, Bwana asifiwe, habarini za humu.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Mbagala, Dar, nimeolewa Mbagala, na cherehani yangu imekaa barazani Rangi Tatu miaka kumi na moja. Mwezi wa tisa baba watoto kahamishiwa makao makuu. Tukapakia vyombo kwenye Fuso, tukaingia Dodoma saa tisa usiku. Tumepanga Nzuguni.

Baba watoto anatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mtumba kwenye ofisi za serikali, anarudi jua limezama. Pacha wanachukuliwa na gari la shule. Mimi nabaki na upepo. Jamani, huu upepo! Siku ya kwanza nilianika nguo, shuka nikaenda kuliokota nyumba ya tatu, na hiyo ndiyo ikawa mara yangu ya kwanza kuzungumza na mtu wa mtaa huu. Midomo imepasuka. Pacha mmoja katoka damu puani mara mbili. Sabuni haitoi povu. Dalali alituapia kwamba maji yanatoka kila siku, na kweli siku tuliyokuja kuangalia nyumba yalikuwa yanatoka. Kodi ya miezi sita tumeshalipa, basi tena.

Ninavyovijua mpaka leo: nyumbani, shuleni, genge la kona na stendi kuu. Mbagala nikitoka ndani mpaka nifike kituoni nimeshasalimiana na watu ishirini, wawili kati yao wananidai na watatu nawadai. Hapa kila nyumba ina geti na kila geti limefungwa.

Naomba msiniambie "Dodoma hakuna kitu". Hilo nimeshaambiwa na ukoo mzima kabla sijafunga virago. Nataka anayejua aniambie mji huu unashikwa wapi. Na fundi atapataje wateja katika mji ambao hata hajui watu wake wanavaa nini?

#2 Ijumaa Jioni

Pole dada. Mimi nitakwambia ukweli ambao wengine watauzunguka: usijisumbue. Nipo hapa tangu 2019. Nina chumba kimoja Ilazo, ndani yake kitanda, jiko la gesi na pasi. Ijumaa naingia ofisini na begi kabisa. Zamani ilikuwa basi, unafika Dar kiuno kimekufa. Tangu treni ya SGR ianze kuja huku 2024, jioni hiyo hiyo nipo nyumbani kwetu. Dodoma ni ofisi. Mtu hahamii ofisini.

#3 Mwana wa Mvumi

Huyo hapo juu msamehe, ana haraka ya treni.

Dada, mbukwa. Hiyo ndiyo salamu yetu Wagogo. Mtu mmoja, mbukwa. Wakiwa wengi, au mtu mzima wa kuheshimiwa, mbukwenyi. Kesho asubuhi nenda kwenye genge lako la kona, mwambie yule mama "mbukwenyi" halafu uje utusimulie alivyokutazama.

Sasa ramani. Mji wetu ni msalaba. Zipo barabara nne: ya Dar mashariki, ya Iringa kusini, ya Singida magharibi, ya Arusha kaskazini. Mtu wa hapa hakuelekezi kwa jina la mtaa peke yake, atakwambia "njia ya Iringa", "njia ya Arusha", na ukishajua njia nne umeshajua nusu ya mji. Katikati inapita reli ya zamani, ile ya Mjerumani iliyofika hapa 1910, na soko la Majengo na maduka ya zamani yameizunguka. Kila kilichoongezwa baadaye kimefuata mikono ya huo msalaba.

Wewe uko mkono wa Dar. Ndiyo maana unaona mageti. Upande wako mwingi umepimwa na kujengwa juzijuzi, na waliomo wamekuja juzijuzi kama wewe. Kwa hiyo usiseme Dodoma imekufungia geti. Waliojifungia ni wageni wenzako! Wanakuogopa, na wewe unawaogopa, na wote mnapigwa na upepo mmoja. Ukitaka Dodoma yenye wenyewe vuka mji, nenda Chang'ombe, Kizota, Nkuhungu, au shinda Majengo siku nzima bila kununua kitu.

Na jina la mji, usije ukaaibishwa na watoto shuleni. Wazee husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akazama matopeni, watu wakasema "idodomya", amezama. Ipo na simulizi nyingine ambayo mimi naipenda zaidi: babu zetu waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala wote, wakabakiza mikia. Wakaichomeka mikia kwenye tope. Wahehe walipokuja kudai, wakaonyeshwa: ng'ombe wenu ndio hao, wamezama. Chagua mwenyewe ya kumwamini. Mhehe atachagua ya tembo.

#4 Bajaji ya Sabasaba

Mama, acha kukodi bajaji (najiharibia biashara hapa, lakini sawa). Panda daladala mpaka Sabasaba, kaa dirishani. Ukishuka, panda nyingine ya upande usioujua, nenda nayo mpaka mwisho wa ruti, geuka nayo. Fanya siku nne, njia nne. Utatumia hela ndogo kuliko ya bajaji moja ya kwenda na kurudi mjini.

Ukipotea tafuta mnara wa Msikiti wa Gaddafi, unaonekana mbali. Na mwezi huu wa vumbi vaa miwani, hata ya urembo.

#5 Mama Pacha wa Mbagala

Mwana wa Mvumi, nimemsalimia. Kaacha kupanga nyanya, kaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili, kasema "nani kakufundisha?" Nikamwambia mtu wa kwenye simu. Kacheka mpaka kaketi kwenye kreti. Kaniongeza nyanya mbili. Jina lake sasa nalijua, na watoto wake wangapi, na kwamba anaimba kwaya.

Daladala nitaanza Jumatatu. Sasa mwenye habari za maji anisaidie. Ndoo nimenunua saba.

#6 Bomba Kavu

Ndoo saba ni mwanzo mbaya. Nunua tanki kabla ya sofa, huo ndio ushauri wa kwanza ambao mwenyeji yeyote angekupa, ila dalali hawezi kukupa.

Maji ya mji huu kwa miaka mingi yametoka zaidi visimani, huko Mzakwe katika bonde la Makutupora, upande wa kaskazini. Na watu wameongezeka sana. Sensa ya 2012 ilikuta kwenye wilaya hii ya mjini watu laki nne na elfu kumi hivi. Ile ya 2022 ikakuta laki saba na elfu sitini na tano. Miaka kumi tu. Ndiyo maana kuna mgao, na mgao una siku zake kwa kila eneo. Kosa la wageni ni kusubiri bomba litoe. Usisubiri, uliza jirani siku yenu ni ipi. Na usiku wa manane presha huwa nzuri kuliko mchana, kwa hiyo tanki lako liwe na koki inayojifunga yenyewe, uweze kulala.

Hiyo ya povu ni chumvi. Sehemu nyingi maji ya kisima ni magumu. Birika litafanya ukoko mweupe ndani, usitishike. Nguo nyeupe za wateja wako zisubirishe mvua, kinga maji ya bati. Mvua yenyewe hapa ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na mwaka mzima haifiki milimita mia sita. Ikinyesha, kinga mpaka kwenye sufuria.

Midomo na pua: mafuta ya mgando asubuhi na usiku, beseni la maji chumbani kwa watoto. Mko juu ya mita elfu moja na mia moja kutoka usawa wa bahari na hewa ni kavu. Miili ya pwani inalia mwezi wa kwanza, halafu inanyamaza.

#7 Mjumbe Mstaafu

Bibi, umejitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa? Naona hapa watu wanakufundisha daladala na matanki. Mgeni anaanza kwa mjumbe. Unakwenda na mumeo, mnaandikwa kwenye daftari, mnaulizia mchango wa ulinzi shirikishi ni kiasi gani, mnalipa. Hapo jina lenu linajulikana. Siku ukipata tatizo usiku, nani atakuja kwa mtu asiyemjua?

La pili, msiba. Ukisikia msiba mtaani nenda hata kama humjui marehemu. Kaa na kina mama, osha vyombo. Siku tatu za msiba zitakupa watu kuliko mwaka mzima wa kupunga mkono getini.

#8 Ijumaa Jioni

Mzee, heshima yako, lakini mtu akajichomeke kwenye msiba wa watu asiowajua ili apate marafiki? Huku Ilazo kwangu nikifanya hivyo watadhani nimefuata pilau.

#9 Mjumbe Mstaafu

Na hata ukifuata pilau, utakuwa umekuja.

#10 Hesabu za Mtaa

Ijumaa Jioni, ngoja nikupigie hesabu maana unawashawishi wenzako. Treni daraja la kawaida ilianza kwa 31,000. Kwenda na kurudi 62,000. Mara nne kwa mwezi 248,000. Ongeza bodaboda za stesheni pande zote mbili na chakula cha njiani. Hiyo ni kodi ya nyumba nzuri hapa hapa, yenye ua wa kufugia kuku. Unalipa nyumba mbili, moja Ilazo na nyingine kwenye behewa.

#11 Ijumaa Jioni

Hesabu nzuri kaka. Sasa mama yangu yuko Tandika, ana kisukari, anaishi na binti wa kazi ambaye akiondoka ghafla mimi ndiye napigiwa simu. Hiyo umeiweka mstari gani?

#12 Hesabu za Mtaa

Hapo nimekosea, kaka. Samahani.

#13 Shahada ya Chimwaga

Naongeza jambo moja ambalo lilinisaidia mimi nilipokuja kusoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilikuwa nashangaa kwa nini mji umetawanyika hivi, mara nyumba, mara pori, mara nyumba tena. Kumbe uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, na kulikuwa na mamlaka maalumu ya ustawishaji, CDA, iliyopanga mji mkubwa kabla watu hawajaja. Barabara zikachorwa, viwanja vikaachwa, na serikali yenyewe ikachelewa kuja mpaka 2016 ndipo safari ikaanza kwa kishindo. CDA ikavunjwa 2017, mwaka uliofuata Dodoma ikawa jiji. Hata majina ya Area A, Area C, Area D ni harufu ya karatasi za wapima ramani. Ukijua kwamba unatembea juu ya mchoro ambao haujajazwa, hasira za umbali zinapungua kidogo.

Kuhusu kuvaa: Aprili mpaka Juni ni Bunge la bajeti. Mji unavaa suti. Nyumba za wageni zinajaa na bei inapanda. Fundi jiandae mapema.

#14 Mama Pacha wa Mbagala *(katikati ya Desemba)*

Wapendwa, nimerudi na taarifa, kaeni vizuri.

Daladala nilipanda zote. Njia ya Singida ndiyo niliyoipenda, sijui kwa nini, labda kwa sababu siku hiyo hakukuwa na upepo. Njia ya Arusha nilipitiliza, nikajikuta Msalato. Kwa bahati ilikuwa Jumamosi, siku ya mnada. Jamani mbona hamkunitajia? Mbuzi, ng'ombe, mitumba, vyungu, dawa za mizizi, na moshi wa nyama unauona tangu barabarani. Nimekaa pale kwenye benchi na watu nisiowajua, tumekula mbuzi kwa chumvi na pilipili juu ya meza ya mbao. Kisha nikawa naangalia nguo. Ndiyo kazi niliyoendea bila kujua. Nimeona kina mama wa vijijini wanapenda gauni lenye mfuko mkubwa, wa kutia simu na hela, na mikono inayofunika kiwiko kwa ajili ya jua. Mbagala mteja anataka kubana. Hapa anataka hewa ipite, lakini upepo usimfunue. Nikarudi nyumbani nikachora kipande cha gauni chenye pindo zito chini.

Mlenda. Nilinunua ule wa unga kwenye kopo, soko la Ndugai, nikapika kama ninavyopika mchicha, kwa kitunguu na mafuta mengi. Sitaki kueleza kilichotokea. Baba watoto alivuta kijiko, mlenda ukamfuata mpaka kifuani.

Kubwa kuliko yote: yule mama wa genge. Kwaya yao ilitaka sare mpya za Krismasi na fundi wao wa zamani amehama. Kaniuliza, "wewe Mwislamu, utashona?" Nikamwambia kitambaa hakina dini, akacheka tena akaketi kwenye kreti. Magauni thelathini na nne, mashati tisa. Nilikwenda kuwapima ukumbini wakiwa mazoezini, jioni tatu mfululizo. Unampima mtu bega, yeye anaendelea kuimba, sauti inapita kwenye tepu mpaka mkononi. Mimi nimezoea kwaya ya redioni, watu wameachiana nafasi vizuri. Wale kila mmoja alikuwa na njia yake, huyu anapanda, yule anashuka, mwingine kama anagomba, halafu ghafla wote wamekutana mahali pamoja na hujaona walipitia wapi. Jioni ya kwanza nilikosea vipimo vya watu wanne.

Kitambaa nilipiga simu Kariakoo kwa mtu wangu wa miaka yote, kikaja kwa basi, nikakichukua stendi, dakika kumi kwa miguu. Nzuguni nimeitukana sana humu lakini kwa hilo imenifaa. Wamelipa nusu. Nusu nyingine wamesema baada ya mavuno. Mavuno ya nini, mbona watu wa mjini?

#15 Mwana wa Mvumi

Watu wa mjini nani? Hapa ukimwona karani ujue ana ekari mbili za uwele mahali fulani. Mvua ikidondoka utaona. Hata gengeni utakuta mtoto ndiye anauza, mama yuko shamba.

Sasa mlenda, maana umeniumiza. Chemsha maji, tia magadi kidogo sana na chumvi. Yakichemka, nyunyiza unga wa mlenda kwa mkono mmoja huku unakoroga kwa mwingine. Kidogo! Kijiko kimoja cha chakula kinatosha familia yenu, wewe nina hakika ulitia kikombe. Nyanya ikiwepo sawa. Karanga zilizotwangwa ndiyo siri, zinaushika usikimbie. Mafuta ya nini? Usifunike sufuria, utamwagika jikoni. Kula na ugali wa uwele, tonge uligeuze kidogo kukata ule uzi. Baba watoto afundishwe na mtoto wa mtaani, watu wazima tunawaonea haya.

#16 Kijiwe cha Dar

Hahaa Wagogo na mlenda. Mkimaliza kula mnapanda treni kuja kuomba mjini kwetu.

#17 Mwana wa Mvumi

Nilijua utakuja, huu uzi ulikuwa mtamu mno. Ndugu yangu, utani wa mtani naupokea, lakini wewe si mtani wangu, ndiyo maana unauma vibaya. Nchi hii yetu ni kame. Mwaka mvua ikikosea kidogo ghala linabaki tupu, na waliopanda treni kuja kwenu walipanda kwa njaa. Sasa ninyi mnapanda treni kuja kwetu kwa mshahara. Karibuni.

#18 Bajaji ya Sabasaba

Kijiwe cha Dar kafungwa 1–0 hapo uwanja wa Jamhuri dakika ya kwanza.

#19 Mama Pacha wa Mbagala *(mwezi wa tatu)*

Nimeelewa habari ya mavuno. Januari yote sikushona. Mvua ilinyesha siku mbili, siku ya tatu mtaa mzima jembe begani. Mwenyekiti wa mtaa (ndiyo mzee, tulikwenda, tumeandikwa) nilimkuta mwenyewe na mbegu za alizeti kwenye mfuko wa rambo. Mama wa genge kanichukua shambani kwao, tumepalilia karanga, nimerudi mgongo si wangu. Lakini njiani kanionyesha korongo kavu ambalo watoto huvuka kwenda shule, akaniambia "hili mvua ikinyesha milimani, hapa kwetu jua linawaka, maji yanakuja kama lori. Usimtume pacha." Wiki mbili baadaye lilikuja. Niliusikia muungurumo kabla sijauona. Hili mngeliandika juu kabisa kwenye uzi, kabla ya tanki.

Zabibu! Nilidhani ni hadithi za matangazo. Barabara ya Iringa, huko Mpunguzi, wanauza kwenye visado. Pacha wamekula mpaka midomo ikawa myeusi, na midomo yenyewe siku hizi haipasuki.

Ijumaa nasali Gaddafi. Mara ya kwanza nilikwenda kwa kuwa nilishakariri mnara wake, siku zile za kupotea.

Tetemeko nalo mngenitajia. Usiku vikombe vilicheza kabatini, baba watoto akatoka nje na taulo. Jirani wa geti la kijani akatoka na upawa. Jirani wa mbele akatoka na televisheni, ameikumbatia. Tukasimama barabarani watu kumi na kitu tunaangaliana. Miezi sita tunaishi hatua ishirini, usiku huo ndio tukaulizana majina.

#20 Bomba Kavu

Madogo hayo yapo, tuko ukingoni mwa bonde la ufa. Huyo wa televisheni nampenda.

#21 Mjumbe Mstaafu

Bibi, msiba je? Umekwenda?

#22 Mama Pacha wa Mbagala

Mara mbili, mzee. Wa pili ni mama mzaa mume wa geti la kijani. Niliosha masufuria tangu saa nne asubuhi, maji yale magumu, majivu hayatoki. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Nilipoaga wakaniuliza kesho nitakuja saa ngapi.

#23 Ijumaa Jioni *(Juni)*

Uzi huu nausoma kimyakimya tangu mwaka jana. Mama Pacha, bado unashona?

#24 Mama Pacha wa Mbagala

Nashona mpaka nashindwa. Bunge lilipoanza Aprili nimepunguza viuno vya suti na kuongeza viuno vya suti, wengi kuongeza. Sasa watu wameshavuna, kwaya wamelipa nusu yao, mafungu mengine yamekuja pesa na mengine yamekuja karanga, debe zima. Kuna kwaya mbili nyingine zinataka mtindo ule wa pindo zito. Niambie, suti?

#25 Ijumaa Jioni

Hapana. Mama yangu yuko huku. Kliniki ya Tandika ilimchosha, nikamleta kwa treni apimwe hospitali ya Benjamin Mkapa, tulisema wiki moja. Huu ni mwezi wa pili. Nimehama chumba, nimepata nyumba ndogo Kisasa, ana kuku sita. Tatizo ni baridi. Yeye kaja na khanga na madera ya Dar, na huu upepo wa Juni unaingia mpaka mifupani. Anataka gauni zito la mikono mirefu, lisifunuliwe na upepo, na mfuko mkubwa wa kutia mashine yake ya kupima sukari. Sijui linaitwaje.

#26 Mama Pacha wa Mbagala

Halina jina, lakini ninalo. Mlete Jumamosi mchana, asubuhi naenda Msalato. Njia ya Dar, shuka stendi kuu, vuka barabara, panda na uchochoro wa genge. Usiulizie Mama Pacha, hakuna anayenijua kwa jina hilo. Ulizia fundi wa kwaya.